KIPANDE KIPYA CHA SHAMBA: TAABU YAKE NA FAIDA YAKE



Tukitembelea matawi, kutoka Kasese mpaka Bwera, swali moja linatufuata kila mahali. Mkutano ukiisha, mwenzetu mmoja atatuvuta kando na kusema: "Nimepata kipande cha shamba. Nianze wapi?" Mmoja amekodi nusu eka kwa mzee wa Bwera. Mwingine ameachiwa na mjomba wake kipande kilicholala miaka mitano. Mwingine tena ameruhusiwa na msimamizi alime ukingoni mwa shamba kubwa analofanyia kazi. Wote wana furaha, na wote wameshika jembe tayari.

Sisi hatukusomea kilimo. Tuliishia shule ya msingi, na mengine tumefundishwa na udongo wenyewe, tena kwa ukali. Basi tutaeleza tunayoyajua, tukianza na makosa yetu.

Msimu wetu wa kwanza tulikuwa watu tisa wa tawi moja. Tulichanga fedha tukakodi eka mbili upande wa Bwera, si mbali na barabara ya Mpondwe. Ilikuwa Februari, jua kali, majani yamekauka. Tulifyeka eka zote mbili kwa panga siku mbili, tukachoma moto, tukatazama lile shamba jeusi tukajiona matajiri. Mvua ya Machi iliponyesha tulipanda mahindi na maharagwe kila mahali, hata pale tusipoweza kupafikia bila kukanyaga yaliyokwisha kupandwa. Kisha zamu za kazi zikatushika. Wiki tatu hakuna aliyerudi na jembe. Tuliporudi, maharagwe tulikuwa tukiyatafuta kwa mikono kama mtu aliyeangusha sarafu majanini.

Lililotushinda ni lile jani ambalo wengi Uganda hulijua kwa jina la lumbugu. Ndugu, jani hili haliogopi panga wala moto. Chini ya udongo lina mizizi myeupe, migumu, inayotambaa mbali. Ukiikata kwa jembe vipande viwili, hukuua kitu, umepanda mashina mawili. Ndiyo maana shamba lililofyekwa na kuchomwa huonekana safi kwa wiki mbili, kisha hurudi kuwa kijani kuliko mwanzo. Tulivuna robo tu ya tulichotegemea, na hata hicho tuligawana kwa maneno makali.

Tangu hapo tunawaambia wenzetu: msimu wa kwanza usilime shamba zima. Pima kwa miguu sehemu ambayo wewe na jamaa yako mnaweza kuipalilia mara mbili katika siku zenu za kupumzika. Kwa mtu anayefanya kazi siku sita, sehemu hiyo ni ndogo kuliko tamaa yake. Robo eka inatosha, na kwa wengi ni nyingi. Sehemu iliyobaki ifyekwe tu isitoe mbegu, au ipandwe viazi vitamu. Viazi hutambaa na kufunika ardhi, jua halipenyi, na lumbugu hupungua nguvu. Haifi, lakini hupungua.

Ile robo eka ichimbwe wakati wa kiangazi, Juni na Julai au Desemba mpaka Februari, si wakati wa mvua. Tumia jembe la meno, maana huinua mizizi bila kuikatakata. Iokote kwa mkono, uianike juu ya mawe mpaka iwe kama nyuzi kavu. Usiitupe katika shimo la mbolea ikiwa mbichi, utairudisha shambani pamoja na samadi yako. Kazi hii inachosha mgongo na haina sifa, kwa sababu mpita njia haoni ulichofanya. Lakini huko ndiko mavuno yanakoanzia.

Hapa linaingia jambo la chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika kila baada ya siku sita za kazi, na likizo ya malipo ya siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi. Kwa mwaka ni siku 21. Wengi wetu huchukua likizo wakati wowote bosi anapotaka, au hatuichukui kabisa. Mwenye shamba hana budi kupanga mapema. Omba sehemu ya likizo kabla ya mvua ya Machi au ya Septemba, uombe kwa barua, nakala ibaki nyumbani. Siku saba za kuchimba zikifuatana zina faida kuliko Jumapili kumi zilizokatika, maana udongo ulioachwa nusu hurudi kuwa majani.

Sasa habari ya karatasi. Tungaliweka jambo hili mwanzo, lakini tunajua msomaji hutaka kusikia habari za jembe kwanza.

Tuliyemkodishia alikuwa mzee wa heshima, tukapatana kwa mdomo. Sisi tulisikia misimu miwili. Yeye alisema ni mmoja. Tulipokwisha kuing'oa lumbugu katika ile sehemu, mtoto wake alikuja na ng'ombe wa kulima, akapanda yeye. Hatukuwa na shahidi wala mstari mmoja wa wino. Hatumlaumu sana yule mzee. Shamba safi lina bei kuliko pori, na sisi ndio tuliolisafisha bure.

Kwa hiyo, kabla ya jembe la kwanza, andikeni. Karatasi ya daftari yatosha. Andikeni majina ya pande zote mbili, mipaka (mti gani, mfereji gani, shamba la nani upande gani), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, fedha iliyolipwa na iliyobaki, na nani atavuna mazao yatakayokuwa bado shambani siku muda ukiisha. Neno hili la mwisho watu husahau. Mihogo yataka karibu mwaka mzima. Maharagwe yataka miezi mitatu hivi, viazi vitamu minne au mitano, pamba mitano au sita. Kahawa ya arabika ndiyo hiyo ya milima yetu ya Rwenzori, nayo huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mwenye mkataba wa msimu mmoja akipanda mihogo, amempandia mwenye ardhi. Akipanda kahawa au migomba, ameanza ugomvi, kwa sababu katika vijiji vyetu mti wa kudumu ni kama mtu anayesema, "hapa ni pangu." Wenye ardhi wanalijua hilo, nao wana haki ya kuogopa.

Mwenyekiti wa kijiji atie sahihi na mhuri. Tena muulizeni mwenye ardhi mbele yake: mama wa nyumba anajua? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka mume au mke akubali kabla ya ardhi ambayo jamaa inaishi juu yake au inapata chakula chake kuuzwa au kukodishwa. Mkataba uliofichwa mama wa nyumba unaweza kuvunjika katikati ya msimu, na nyinyi mkapoteza mbegu.

Na sisi wanaume tusiwe wepesi wa kunyosha kidole kwa wenye ardhi. Nyumbani kwetu hali ikoje? Mume yuko kiwandani, mke ndiye anayepalilia, na siku ya kuuza mume ndiye anayebeba gunia kwenda sokoni na kurudi na harufu ya pombe. Hapa kwetu chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kilifanya kazi nzuri ya kuwafundisha watu na wake zao wachore kwa picha, hata wasiojua kusoma, nani anafanya kazi gani na nani anashika fedha. Mtu akiona mchoro wa nyumba yake mwenyewe, maneno humwishia. Jamaa kadhaa waliandika ardhi kwa majina mawili baada ya hapo. Mfanyakazi anayechukua kipande kipya afanye mapatano haya na mwenzake wa nyumbani kabla hajaandikiana na mwenye ardhi.

Jambo la tatu ni udongo wenyewe na mahali ulipo. Kasese mjini na Bwera ni safari ya kilomita 50 hivi, lakini ni nchi mbili kwa mkulima. Bonde la Kasese ni la joto, mvua yake haba, mawingu huishia mlimani. Bwera na vilima vya Bukonzo hupata mvua zaidi, lakini ardhi imesimama kama ukuta. Mbegu iliyomfaa mwenzako wa Bwera inaweza kukaukia mkononi mwako Kasese.

Kabla ya kulipa, nenda na jembe. Chimba shimo la kufika goti. Angalia udongo mweusi wa juu umeshuka kiasi gani. Ukiwa ni vidole viwili tu kisha changarawe, jua utahitaji samadi nyingi. Mwaga ndoo ya maji shimoni. Yakikaa mpaka jioni, mizizi itaoza hapo wakati wa mvua. Yakipotea papo hapo, mimea itakuwa na kiu. Shika udongo wenye unyevu, ufinyange. Ukishikamana kidogo kisha ukavunjika, umepata udongo mwema.

Kwenye mteremko, usipande hata punje moja kabla ya kuchimba matuta ya kukinga maji. Chimba mfereji kwa kukata mteremko, udongo uutupe upande wa juu, na juu ya tuta panda majani marefu ya kulisha ng'ombe. Ili mfereji ulale sawa, funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, uning'inize jiwe kwa kamba toka kichwani, uweke alama katikati ya mti wa kulala. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu miwili iko usawa mmoja. Chombo hiki hakigharimu hata shilingi, nasi tumekiona kikishinda macho ya fundi.

Lakini kuna udongo ambao hauonyeshi ubaya wake kwa kufinyanga. Hapa tunawasihi ndugu zetu wa Kilembe na Kasese mjini wasome polepole. Machimbo ya shaba ya Kilembe yalianza kutoa mali mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, yakasimama kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Mabaki ya mawe yaliyosagwa yaliachwa marundo marundo kando ya mto Nyamwamba. Kila mto unapofurika huyabeba na kuyamwaga chini. Tarehe 1 Mei 2013, siku yetu wenyewe ya wafanyakazi, Nyamwamba ulishuka ukaharibu Kilembe, hospitali pia. Mei 2020 ulirudi tena. Maji yakipungua huacha tope laini, tambarare, linalolimika kwa urahisi, na mtu asiye na shamba huliona kama zawadi.

Wataalamu waliopima udongo na mboga za bonde lile walikuta shaba na kobalti kupita kiasi kinachofaa kwa shamba, hasa mahali mto unapofurika na karibu na marundo ya machimbo. Mboga za majani kama dodo huvuta vitu hivi toka ardhini. Madini hayo hayanuki, wala hayaondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo ukipewa kipande kando ya Nyamwamba, uliza kwanza maji ya 2013 na ya 2020 yalifika wapi. Wazee wa pale watakuonyesha kwa kidole. Kama yalifika shambani, usipande mboga za watoto hapo. Afadhali miti ya kuni au ya kujengea. Tunajua neno hili ni zito kwa mwenye njaa, na tunajua wako wanaolima huko leo kwa sababu hawana pengine. Kupimwa kwa mashamba yale ni jambo ambalo matawi yanapaswa kulidai kwa wilaya, maana mfanyakazi mmoja hawezi kulipia upimaji.

Walio tambarare karibu na mbuga ya Queen Elizabeth wana taabu nyingine yenye miguu minne. Ndovu akiingia usiku mmoja hamwachi mtu na kitu. Kuna waliochimba mitaro, kuna waliotundika mizinga ya nyuki kwenye uzio, maana ndovu anaogopa nyuki. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka fidia kwa mazao yaliyoharibiwa. Hata hivyo fidia hutaka ushahidi, nao ushahidi hauanzi siku ya hasara. Huanza na ile karatasi ya mipaka tuliyoitaja.

Tuseme na habari njema, msije mkatupa majembe.

Msimu wetu wa pili tulikodi nusu eka tu, kwa karatasi, miaka mitatu. Tulipanda maharagwe kwanza, kwa sababu mizizi yake huurutubisha udongo na mavuno yake hufika upesi kabla watu hawajakata tamaa. Mahindi tulipanda mistari ya sentimeta 75, punje mbili kila shimo, shimo na shimo sentimeta 60. Kando tulitia dodo, ambayo kwa mwezi mmoja iko sufuriani. Zamu ya kupalilia tuliiandika ukutani kama zamu ya kiwandani, na asiyefika alilipa kibarua wa siku hiyo. Mwisho wa msimu kila nyumba ilipata maharagwe ya kula bila kwenda dukani kwa majuma mengi. Fedha hiyohiyo ya mshahara ililipa karo. Mama mmoja wa kikundi alituambia kwamba kwa mara ya kwanza alipita mbele ya duka analodaiwa bila kuzunguka nyuma ya nyumba.

Wanaotaka kuona jambo hili kwa ukubwa waende Mubuku, kwenye mashamba ya kumwagilia. Mpango ule ulianzishwa miaka ya 1960, una zaidi ya hekta 500, na kila mkulima alipewa kiasi cha eka 8. Ardhi ni ya serikali, maji hutoka mito ya Sebwe na Mubuku kwa kuteremka yenyewe katika mifereji. Tulichojifunza pale ni zamu ya maji. Mtu mmoja asipozibua mfereji wake, wa chini yake hukauka. Wafanyakazi wa viwandani tuliokwenda nao walilielewa jambo hilo mara moja, bila kufafanuliwa na mtu.

Nchi za wenzetu nako wafanyakazi wana vipande hivi. Uingereza sheria ya mwaka 1908 iliziagiza serikali za mitaa zitenge ardhi kwa watu wa kazi wanaotaka kulima chakula chao, na kipande cha kawaida ni kama meta 250 za mraba, yaani eka moja yatoa vipande kumi na sita. Ni kidogo hivyo, na bado wengi huko hushindwa mwaka wa kwanza kwa kosa lilelile letu la kulima vyote kwa pupa.

Kuna hatari moja ambayo hakuna jembe linaloweza kuiondoa. Tumesikia kwa masikio yetu, katika meza ya mazungumzo, msimamizi akisema: "Watu wenu wana mashamba, nyongeza ya nini?" Ndugu, maneno hayo mkiyasikia msiyacheke. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka kima kipya, Rais hakuutia sahihi. Sasa akitokea mwajiri wa kusema maharagwe yako ni sehemu ya mshahara wako, ameingiza mkono katika sufuria ya mkeo. Kipande umekilima kwa saa zako za kupumzika, kwa mbegu yako, kwa mgongo wako. Kama kiko ndani ya shamba la mwajiri, hapo angalieni zaidi: ruhusa ya mdomo hugeuka kuwa kamba shingoni, siku ya mgomo au ya kudai haki utaambiwa ung'oe mihogo. Ruhusa hiyo iandikwe katika mapatano ya chama na mwajiri, isiwe hisani ya msimamizi mmoja. Ndugu zetu wa mashamba ya chai upande wa Fort Portal nao waliangalie neno hili.

Mambo ya wadudu na magonjwa tutayaandika siku nyingine, yanataka ukurasa wake. Kwa sasa mwenye migomba akumbuke tu kuipitisha panga yake motoni kila atokapo shina moja kwenda jingine, kwa ajili ya ule mnyauko uliogunduliwa Uganda mwaka 2001.

Kikundi chetu kitapima vipande vipya Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Anayetaka kuona jinsi ya kutumia ile miti ya herufi A aje mapema, saa moja asubuhi, na aje na mwenzake wa nyumbani. Jembe la meno tunalo moja tu, kwa hiyo mwenye lake alibebe.